Mtoto akigunduliwa na selimundu, subira ya wazazi iwe vipi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, Aliyeteremsha maradhi na Akateremsha tiba yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na wazazi walioambiwa na daktari kwamba mtoto wao mdogo ana maradhi makubwa, maradhi yasiyoondoka kwa chupa moja ya dawa wala kwa wiki moja ya kulazwa. Wazee wetu walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapana shaka wapo wanaoisoma safu hii huku mtoto amelala kando yao, nao wakisikiliza anavyopumua. Mara nyingi wazazi hawa huambiwa neno moja tu: "Subirini." Jirani hulisema akiwa mlangoni, imamu hulisema baada ya sala, kisha kila mmoja hushika njia yake.

Neno hilo ni la haki, lakini tunachelea kwamba wengi hulitamka na wengi hulisikia pasipo kujua linadai nini. Wako wanaodhani kuwa kusubiri ni kutolia. Wako wanaodhani ni kuficha habari ili watu wasijue. Na wako, nao ndio tunaowahofia zaidi, wanaodhani ni kukaa nyumbani na mtoto na kuiachia kadari ifanye kazi yake. Rai yetu ni kwamba subira aliyoisifu Mwenyezi Mungu (S.W.) ni ile inayomtia mzazi nguvu ya kulia, kuomba, kisha kuinuka na kutafuta, na kwamba mzigo huo si wa mama peke yake, bali ni wa baba, wa ukoo mzima na wa msikiti wanaosali.

Kuyajua maradhi ni sehemu ya subira

Tuchukue mfano wa maradhi ya selimundu, ambayo wengi huyaita siko seli, kwa kuwa yamegusa nyumba nyingi hapa kwetu. Wataalamu wanakadiria kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na maradhi haya, na nchi yetu imo miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo duniani, pamoja na Nigeria, Kongo na India.

Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo na laini, hupenya katika mishipa iliyo myembamba kabisa, na huishi kiasi cha siku 120. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo hujipinda zikawa na umbo la mundu ule wa kuvunia mpunga, hukakamaa, hukwama njiani na kuzuia damu isipite. Huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu mtoto hupungukiwa damu, macho yake huwa ya manjano, vidole vyake huvimba, na mara nyingine hushikwa na maumivu ya mifupa ambayo hata mtu mzima hawezi kuyastahimili. Anapozaliwa huonekana mzima, kwa kuwa damu aliyotoka nayo tumboni humkinga miezi ya mwanzo. Dalili hujitokeza anapokaribia nusu mwaka au baada ya hapo. Na hapo ndipo maneno ya mitaani yanapoanza: amepatwa na jicho, amerogwa, ana jini wa ukoo.

Tumeyaeleza haya kwa sababu mja hupata shida kusubiri juu ya jambo asilolijua. Katika Suratul Kahf, aya ya 68, tunasimuliwa kuwa mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa (A.S.) alimuuliza vipi ataweza kuvumilia jambo ambalo hana habari nalo. Ikiwa Musa, naye ni Mtume, aliambiwa hivyo, seuze mama wa miaka 20 aliyekabidhiwa karatasi ya majibu na kuambiwa arudi baada ya mwezi mmoja? Basi kumuuliza daktari mara mbili na mara tatu mpaka uelewe si ukaidi wala si upungufu wa imani. Ni kujitafutia zana za kusubiri.

Machozi hayavunji subira

Tukitaka kumwona mzazi aliyesubiri, Qur'an Tukufu inatuonesha Nabii Yaaqub (A.S.). Alipoletewa kanzu ya mwanawe Yusuf ikiwa na damu ya uongo, alitamka kwamba kwake yeye ni subira iliyo njema. Lakini sura hiyo hiyo, katika aya ya 84, inatueleza kuwa macho yake yalipofuka kwa huzuni. Mtume wa Mwenyezi Mungu alilia mpaka akapoteza nuru ya macho, na hakuna mahali alipolaumiwa na Mola wake kwa machozi hayo. Katika aya ya 86 alisema kwamba anayashitaki majonzi yake kwa Mwenyezi Mungu. Kumlalamikia Mwenyezi Mungu hali yako ni ibada. Kulalamika dhidi Yake ndiko kulikokatazwa.

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) naye alimbeba mwanawe Ibrahim, mtoto ambaye hakuwa amefika miaka miwili, naye akiwa anakata roho. Macho yake matukufu yakabubujikwa na machozi. Sahaba Abdurrahman bin Auf (R.A.) alistaajabu kwamba hata yeye Mtume analia, akajibiwa kuwa hiyo ni rehema, kisha Mtume akabainisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Hadithi hii ameipokea Imamu Bukhari. Kwa hiyo baba anayeona aibu kulia mbele ya mkewe, na ndugu wanaomkemea mama alilie chumbani asionekane, wote hao wanadai subira ngumu kuliko ya Mtume.

Lakini tusiishie kwenye machozi, maana hapa ndipo penye fundisho ambalo wengi wetu tunalipita. Mzee Yaaqub, akiwa kipofu wa huzuni, miaka mingi baada ya kupotelewa, aliwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Hayo yamo katika aya ya 87. Tazama mpangilio wake: amesubiri, amelia, ameomba, kisha ametuma watu watafute. Hakuona kuwa kutafuta kunapunguza imani yake kwa kadari ya Mola. Aliuona mkato wa tamaa kuwa ndio unaopingana na imani, na dawa ya kukata tamaa ikawa ni kushika njia.

Bi Hajar hakukaa

Katika hadithi ndefu aliyoipokea Imamu Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), tunasimuliwa jinsi Nabii Ibrahim (A.S.) alivyomwacha Bi Hajar na mwanawe mchanga, Ismail, katika bonde lisilo na mtu wala maji. Bi Hajar aliuliza kama hilo ni agizo la Mwenyezi Mungu. Alipojibiwa kuwa ndilo, alisema kwamba basi Mola hatawapoteza. Hakuna tawakkuli kubwa kuliko hiyo.

Na mama huyo huyo mwenye tawakkuli, maji yalipomwishia na mtoto akaanza kugaagaa kwa kiu, hakukaa chini kusubiri muujiza. Alipanda Safa akaangaza macho, akashuka bondeni akakimbia kama mtu aliyetaabika, akapanda Marwa akaangaza tena, na akafanya hivyo mara saba. Maji hayakutoka Safa wala Marwa. Yalitoka pale alipokuwa mtoto, kwa qudra ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo Mola hakuzifanya mbio zake kuwa kazi bure. Amezifanya nguzo ya ibada ya Hija na Umra, na mamilioni ya Waislamu, wanaume kwa wanawake, wanafuata nyayo za mama aliyehangaikia mtoto wake.

Enyi mama mnaoamka alfajiri kuwahi namba kliniki, mkabadilisha magari mawili na mtoto mgongoni, mkakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri: msimruhusu mtu yeyote awaambie kwamba imani yenu ni dhaifu kwa kuwa mnakimbilia hospitali. Mnatembea katika mwendo ambao asili yake ni ya Bi Hajar.

Mtoto ni wa wawili

Tunafika sasa penye jeraha linaloziumiza familia zetu zaidi, nalo ni lawama. Miaka michache iliyopita alitujia kijana mmoja baada ya sala ya Alasiri, amefuatana na mama yake mzazi. Walikuja kwa shauri la talaka. Binti yake wa miaka miwili alikwisha kulazwa mara tatu na kuongezewa damu, na kipimo kilikuwa kimeonesha selimundu. Bibi wa mtoto ndiye aliyesema: "Sheikh, kwetu sisi hakuna ugonjwa huu. Tumezaa, tumelea, hatujauona. Umeingia na huyu mwanamke." Kijana aliinamisha kichwa, asiseme neno.

Tuliwasimulia hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Bedui mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na katika maneno yake mlikuwa na shaka juu ya mke. Mtume hakumkemea wala hakumfukuza. Alimuuliza kama ana ngamia, na wana rangi gani. Bedui akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama miongoni mwao hayumo hata mmoja wa rangi ya kijivu. Akajibu kuwa wamo. Mtume akamuuliza rangi hiyo imetoka wapi, naye akajibu kwamba huenda ni asili ya mbali iliyomvuta. Ndipo Mtume akamwambia kuwa huenda na mwanawe huyo naye amevutwa na asili ya mbali.

Subhanallah! Karne nyingi kabla ya maabara, Mtume wetu alimfunza mume kwamba jambo linaweza kujificha katika damu ya ukoo, likapita babu kwa babu lisionekane, kisha likajitokeza kwa mtoto, na kwamba hilo si hoja ya kumtuhumu mke. Elimu ya leo inaeleza hivyo hivyo kuhusu selimundu. Mtoto hawezi kuwa na maradhi haya ya selimundu tunayoyazungumzia kwa kupokea kinasaba cha mundu kwa mama pekee; sharti apokee kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Mzazi aliyebeba kinasaba kimoja tu kwa kawaida haumwi, na aweza kufa mzee asijue kwamba alikuwa nacho. Wakioana wabebaji wawili, basi katika kila mimba yapo matarajio ya robo kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, nusu kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake, na robo kwamba atasalimika kabisa. Na hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Akizaliwa mmoja mgonjwa haina maana kwamba watatu wanaofuata wamesalimika.

Wala kubeba kinasaba hicho si fedheha. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kuwa mbebaji wa kinasaba kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana maradhi haya yamejaa katika nchi zenye mbu wengi, pwani na kandokando ya maziwa. Huenda kinasaba ambacho leo kinamwumiza mjukuu ndicho kilichomwokoa babu wa babu yake asifariki kwa malaria akiwa mchanga. Hekima za Mwenyezi Mungu ni pana kuliko ndimi zetu.

Tulimwomba yule kijana jambo moja kabla ya kuzungumzia talaka: aende naye akapime damu yake. Baada ya wiki mbili alirudi peke yake, akatuambia, "Sheikh, na mimi nimo." Talaka haikutajwa tena. Hatutaki kumhadaa msomaji kwamba mtoto yule alipona. Bado ni mgonjwa, na mwaka huu amelazwa tena. Lakini baba na mama hupokezana zamu ya kumhudumia, na bibi, baada ya muda mrefu wa kununa, ndiye anayekumbusha vidonge vya asubuhi. Huo ndio umbo la rehema tulioushuhudia katika nyumba ile.

Si adhabu

Lawama ikishaondoka kwa mama, mara nyingi huhamia kwa Mwenyezi Mungu kwa sura ya swali: tumefanya kosa gani? Tunajibu kwamba mtoto mchanga hana dhambi, na hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Nabii Ayyub (A.S.) alipatwa na maradhi na misiba, naye ni mja ambaye Mola wake amemsifu katika Surat Saad, aya ya 44, kuwa alikuwa mwenye subira, mja mwema, mwingi wa kutubia. Kama maradhi yangekuwa kila mara ni alama ya ghadhabu, basi Ayyub asingepewa sifa hizo.

Na katika kisa hicho mna jambo jingine la kuzingatia. Mwenyezi Mungu alipotaka kumponya Ayyub alimwamuru apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Angeweza kumponya pasipo mguu wala maji. Lakini amejaalia mja, hata akiwa taabani, awe na kitendo chake katika uponyaji wake.

Dua na dawa havigombani

Sahaba Usama bin Sharik (R.A.) amepokea kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute tiba, naye akawaamuru waitafute, kwa sababu Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi mzazi amsomee mtoto wake Alhamdu na zile sura mbili za kinga, aweke mkono wake juu ya panapouma, amwombee katika sijda na katika thuluthi ya mwisho ya usiku. Ruqya isiyo na shirki ni halali na ina baraka. Kisha ampe dawa zake.

Dawa zenyewe si za ajabu. Mtoto mwenye selimundu hupewa penisilini ya kumkinga na vijidudu mpaka afike walau miaka mitano, hupewa vidonge vya asidi ya foliki, hulala ndani ya chandarua, na hukamilisha chanjo zake. Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti uliofanywa kwa watoto wapatao 600 katika nchi za Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kwa Kenya ulifanyika Kilifi, ulichapishwa mwaka 2019 na kuonesha kuwa dawa hiyo ilipunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na hata vifo. Mzazi amuulize daktari wake kama inamfaa mtoto wake. Na ajue alama za hatari: homa kali, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja na ulimi, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, au kulegea kwa mkono au mguu mmoja. Hayo hayasubiri kesho. Mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Tunasema kwa uwazi kuhusu wale wanaojiita matabibu wa Kisunna, wakadai kwamba tiba yao haifanyi kazi mpaka mtoto aachishwe dawa za hospitali. Hatujui aya wala hadithi inayosema hivyo. Mwenye kumwachisha mtoto dawa, kisha mtoto akadhurika, hana kinga kwa Mwenyezi Mungu kwa kuwa alisoma aya kabla ya kudhuru. Ama hirizi, kafara za kuku na mizimu ya ukoo, hayo yamekwisha kubainishwa katika dini yetu, nayo humpotezea mzazi fedha za nauli na dawa kabla ya kumpotezea itikadi yake.

Vilevile tusiuze ahadi ambazo Mwenyezi Mungu hakuziahidi. Abu Said Al-Khudri (R.A.) amepokea, katika hadithi iliyomo kwa Imamu Ahmad, kwamba dua ya Mwislamu isiyokuwa na dhambi wala kukata udugu haipotei: ima hupewa alichoomba, ima huwekewa akiba Akhera, ima huepushwa na shari mfano wake. Wako watoto watakaokua, wakasoma, wakaoa na kuolewa wakiwa na maradhi haya, na idadi yao inaongezeka kadiri matibabu yanavyopatikana. Na wako watakaotangulia. Mzazi aliyehangaika kisha akafiwa asijute kwamba aliomba vibaya. Mtume (S.A.W.) ametubashiria kwamba mzazi anayemhimidi Mola wake kwa kuondokewa na mwanawe hujengewa Peponi nyumba iitwayo Nyumba ya Himidi. Ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Musa (R.A.).

Ibada zake zisiwe mateso

Mtoto huyu naye ana haki ya kuijua dini yake bila kuumizwa nayo. Upungufu wa maji mwilini na baridi huweza kumwamshia maumivu. Kwa hiyo walimu wetu wa madrasa wamruhusu kunywa maji kila anapohitaji, na kwenda haja bila kuulizwa mara mbili. Asichapwe kwa kukosa siku tatu. Huenda alikuwa wodini. Mzazi naye asimfiche mwalimu habari za maradhi.

Maji ya udhu yapashwe moto wakati wa baridi. Yakiwa bado yanamdhuru, tayammamu ipo. Sahaba Amr bin Al-As (R.A.), akiwa safarini katika vita vya Dhatus-Salasil, aliogopa kuoga janaba usiku wa baridi kali, akatayammamu na kuwasalisha wenzake, habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alicheka wala hakumlaumu, kama alivyopokea Abu Daud. Na Ramadhani ikija, mtoto asiyebaleghe hana faradhi ya kufunga. Aliyebaleghe afuate ushauri wa daktari wake, kwani katika Suratul Baqara, aya za 184 na 185, Mwenyezi Mungu ametaja ruhusa ya mgonjwa na kubainisha kwamba anatutakia wepesi. Asionewe haya kwa kula, wala asiitwe dhaifu wa imani na watoto wenzake.

Wajibu wa msikiti

Tulisema mwanzo kwamba mzigo huu si wa wazazi peke yao. Misikiti yetu inajua kuchangia mazulia na vipaza sauti, na hayo ni mema. Tunashauri kila kamati ya msikiti iwajue watoto wagonjwa wa mtaa wake kama inavyowajua wafu wake. Mafakiri na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba kuhusu wanaostahiki zaka. Basi baba aliyeuza baiskeli yake ili alipie kitanda cha mwanawe atafutwe kabla hajasimama mlangoni baada ya sala ya Ijumaa kuomba.

Pili, watoto hawa wanahitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha kuchangia damu pale inapookoa maisha bila kumdhuru mtoaji, na Qur'an imelinganisha kuihuisha nafsi moja na kuwahuisha watu wote. Kamati zizungumze na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, vijana wetu wachangie mara kwa mara, wala wasingoje mpaka ndugu yao awe kitandani.

Tatu, wachumba wapimwe kabla ya posa kukamilika. Saudi Arabia ilifanya kipimo cha selimundu kuwa sharti kabla ya ndoa tangu mwaka 2004. Hakiwazuii wachumba kuoana, bali kinawapa habari ili waamue wakiwa wanajua. Sisi tunaofungisha ndoa tunaweza kuwaambia vijana wetu neno hilo siku wanapokuja kutaka tarehe. Ni dakika chache za mazungumzo, nazo zaweza kuwaepusha na miaka mingi ya machozi na lawama.

Nne, na hili halihitaji fedha: tunapokwenda kumtazama mtoto mgonjwa, badala ya kusema "Subirini" na kuondoka, tumuulize mama mara ya mwisho alilala lini, kisha mmoja wetu akae na mtoto ili mama apumzike. Tumuulize baba kliniki ijayo ni lini, na nani atakayemshika mkono siku hiyo. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumewausia subira kwa vitendo.

Ewe Mwenyezi Mungu, Mponyaji usiye na mshirika, waponye watoto wetu walio wagonjwa. Wape wazazi wao subira njema, riziki ya halali, na mapenzi yasiyovunjika baina yao. Wabariki madaktari na wauguzi wanaowahudumia, na utujaalie sisi sote kuwa msaada kwa waja Wako. Amin.

Wabillahi Tawfiq.